Viboko wa Harusi

Sijui ni nani aliyewatia wakazi wa Mpanda itikadi kwamba harusi haitimii bila ya utangulizi wa katuni, lakini itikadi hiyo imeenea kiasi cha kwamba mfanyabiashara mmoja wa mpunga kutoka Mwamkulu, alipofika studioni kwetu Makanyagio kutaka filamu ya harusi ya bintiye, hakuuliza bei wala tarehe, bali aliagiza kwa taadhima kubwa kwamba kabla ya jina la bibi harusi kuonekana sharti watokee viboko ishirini mtoni, kwa kuwa mkoa wenye Hifadhi ya Katavi haustahili kuazima njiwa na mawaridi ya watu wa Dar es Salaam.

Mpwa wangu, ambaye ndiye fundi wa Blender, programu ya kutengenezea katuni, akaikubali kazi papo hapo, ilhali mimi nimekwisha kuanza kupiga hesabu kimoyomoyo. Sekunde arobaini, kwa fremu 25 kila sekunde, ni fremu 1,000. Na kompyuta yetu, ambayo prosesa yake ina kori nne tu, hutumia takriban dakika sita kurenda, yaani kuchora hadi mwisho, fremu moja ya namna hiyo, yaani saa mia moja mfululizo, katika mji ulioangaziwa miaka mingi kwa majenereta ya dizeli na ambao wenyeji wake hawajaacha desturi ya kulala na mshumaa karibu.

"Mjomba, usihofu," akasema. "Naongeza thredi."

Toleo letu la Blender, ambalo ni la zamani, huikata fremu vipande vya mraba, na kila thredi, yaani mkondo mmoja wa kazi ndani ya prosesa, huchukua kipande, ikakimaliza, ikarudi kuchukua kingine. Utaratibu wenye nidhamu kabisa, maadamu thredi hazizidi uwezo wa prosesa. Kijana akaandika 64.

Mara kioo kikajaa visanduku vya rangi ya chungwa, kila kimoja alama ya thredi iliyo kazini, naye akanitazama kwa fahari isiyo kifani. Kisha mshale wa kipanya ukaganda, feni ikaanza kulalama, na visanduku vikatulia tuli. Mwenye kutaka kujua yaliyokuwa yakitendeka ndani na aende Ikuu, ndani ya Hifadhi ya Katavi, wakati wa kiangazi, Mto Katuma unapopungua hata viboko kwa mamia wakabanana katika dimbwi moja la tope, kila mmoja akitafuta pa kuuzamisha mgongo, na hakuna anayeoga. Kila thredi ilipewa zamu yake, ikaondolewa kabla ya kumaliza, na iliporejea ikakuta data iliyoiweka karibu imekwisha kufutwa na zilizofuata. Fauka ya hayo kumbukumbu ilijaa, kompyuta ikaanza kuhamishia mizigo kwenye diski, na diski yetu haijapata kusifiwa kwa mwendo.

Mteja akaingia wakati huohuo. "Wako sitini na wanne kazini, na hata sikio la kiboko sijaliona? Basi waongezeni wafike mia. Shambani kwangu ndivyo nifanyavyo."

Kijana alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kwenye kibodi, nikamshika kiwiko. Gene Amdahl, Mmarekani aliyesanifu kompyuta za IBM, alilibainisha jambo hili tangu mwaka 1967: ikiwa sehemu moja ya kumi ya kazi haigawanyiki, hata ukileta wafanyakazi wasio na idadi, kazi haitapata kasi inayozidi mara kumi. Na hapo yeye aliwakadiria wafanyakazi wenye mahali pa kusimama.

Tukaziacha thredi tatu, kori ya nne tukaiachia kipanya, na kila fremu tukaihifadhi katika faili lake, ili umeme ukikatika tupoteze fremu moja badala ya filamu nzima. Kazi ikaenda, ila kwa yule kiboko apigaye mwayo: thredi mbili zilimaliza zamani zikakaa bure, ilhali ya tatu imo kinywani, inahangaika na nuru inayoruka baina ya meno na ulimi wenye maji. Tulipovipunguza vipande ukubwa, kinywa kile kikagawanywa kwa zote tatu, kwa insafu.

Ukumbini mteja aliwahesabu viboko kwa kidole, akafika kumi na tisa, akamgeukia mpwa wangu.

"Wa ishirini amezama, mzee," kijana akajibu kwa adabu.

"Vema. Sehemu yake ya malipo nitaileta akiibuka."