Kiboko Hana Ratiba

Mwenyeji wa Arusha ana raha zake. Mgeni akifika anapelekwa Mnara wa Saa, anapiga picha, anapelekwa Mnara wa Azimio, anapiga nyingine, halafu wanakwenda kula nyama choma. Kazi imekwisha, na minara ile haijawahi kumwaibisha mtu. Sisi wa Babati vitu vyetu vingi vinavyosifiwa vina miguu. Kiboko ana miguu. Wanariadha ndiyo usiseme. Timu ya mpira inakuja na basi, inaondoka na basi. Hata Mlima Kwaraa, ambao ungetegemea utulie tu hapo juu ya mji na mita zake 2,415, asubuhi nyingi hujifunika wingu gubigubi, ukaonekana mgeni akishapanda gari la kurudi kwao.

Kwa hiyo shemeji yangu wa Temeke alipopiga simu kwamba anakuja kuangalia Simba ikicheza Babati, na kwamba kabla ya mechi nimtembeze auone mji, mke wangu alipiga vigelegele na mimi nikakaa chini. Shemeji ni mtu wa kuuliza. Tulipomchukua stendi na kuanza safari ya kuja Mutuka, akatazama mahindi kulia, mbaazi kushoto, akavumilia, kisha akashindwa.

"Shemeji, mji unaanzia wapi?"

"Umo ndani yake. Mutuka ni kata ya Babati mjini."

"Tangu wapi?"

"Tangu tulipompisha yule ng'ombe."

Nilikuwa na sababu ya kuwa na wasiwasi. Mwaka 2023 kilele cha Mbio za Mwenge kililetwa kwetu, tarehe 14 Oktoba, siku ya kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, na Rais Samia Suluhu Hassan akawa mgeni rasmi pale Uwanja wa Tanzanite Kwaraa. Ilikuwa heshima kubwa. Gesti zikajaa. Ndugu ambao tangu Mkoa wa Manyara umegwe kutoka Arusha mwaka 2002 hawajatuma hata salamu, wakakumbuka ghafla kuwa wana damu yao Mutuka. Walilala sebuleni, walilala koridoni, wengine wakalala stoo juu ya magunia ya mbaazi. Mwaka 2017, India ilipobana uagizaji wa mbaazi na bei ikaporomoka, nilidhani nimeyaona matumizi yote ya gunia lisilonunuliwa. Ya kitanda nilikuwa sijayaona.

Siku yenyewe kila mtu akaenda uwanjani isipokuwa aliyetakiwa kuhakikisha wakirudi wanakula. Mwenge ulizungushwa nchi nzima, ukaja kuhitimisha mbio zake mjini kwangu, nami kilele chake nilikisikia redioni, nimechuchumaa nyuma ya nyumba nachochea kuni chini ya sufuria ya pilau. Moshi ulinitoa machozi. Jirani aliyechungulia uani akanikuta navifuta, akasimama kidogo kwa heshima, akaenda kuwaambia watu kuwa mimi ni mzalendo wa kweli.

Basi safari hii nikaapa nitauona mji wangu pamoja na mgeni. Tukaanza na ziwa.

Ziwa Babati halina haja ya kutafutwa, liko kando ya mji. Wavuvi wanatoa perege na kambare kwa mitumbwi, na viboko wamo humohumo, binadamu na mnyama wakigawana maji kwa mapatano ambayo kiboko hakuwahi kuyasaini. Shemeji alikuja amevaa kofia ya safari na simu mpya ya kamera tatu. Tukapatana na mvuvi mmoja, mzee mkimya, akatupakia.

"Viboko wapo?" shemeji akauliza.

"Wapo."

"Wako wapi?"

"Chini."

Nikaona nimsaidie mgeni kwa elimu kidogo. Kiboko mchana hushinda majini kwa sababu ngozi yake haiwezi jua. Huinuka kuvuta pumzi, akazama tena. Usiku ndipo hutoka kwenda kula majani. Shemeji akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba nauli ya kutoka Dar ameilipa mchana. Tukasubiri. Mbali kidogo yakatokea masikio mawili na pua, yakatutazama, yakazama. Shemeji alikuwa anafuta kioo cha simu. Yakatokea upande mwingine. Akageuka, mtumbwi ukayumba, mzee akamwomba akae kitako kama anapenda kurudi Temeke. Alipiga picha mpaka mchana ukaisha. Tulipozikagua baadaye tulikuta maji. Maji mazuri, sitaki kusema uongo, maji yenye mwanga mzuri, na katika picha moja bega langu.

"Sasa nitawaambia nini watu wa nyumbani?" akamlalamikia mzee.

Mzee akavuta kasia, akafikiri. "Waambie yupo."

Jioni tukala perege hapo karibu na ziwa, wa kukaanga, na ugali na kachumbari yenye pilipili iliyomnyamazisha shemeji kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye basi. Kiza kikaingia tukiwa bado tunachokoa miiba. Tulipotoka kwenda kutafuta bodaboda, tukafuata njia ya mkato pembeni ya shamba la mahindi. Shemeji akawa mbele. Akasimama, akaanza kulalamika kwamba watu wa mikoani hawana nidhamu, mtu anaegesha gari katikati ya njia, tena kazima taa zote.

Gari likapumua.

Wenyeji wa ziwa hili wanajua sheria moja: usikae kati ya kiboko na maji. Tatizo la sheria hiyo ni kwamba usiku hujui maji yako upande gani, na mtu wa kumuuliza ni kiboko. Tulirudi kinyumenyume, taratibu, kila mmoja akimshika mwenzake shati. Shemeji akapata ujasiri wa ajabu, akaingiza mkono mfukoni kutoa simu. Ilikuwa imezimika; chaji yote aliimaliza kupiga picha maji. Kiboko akatafuna, akageuka, akaingia zake kwenye mahindi kwa mlio wa mabua yanayovunjika, na hapo ndipo ule utaratibu wa kurudi kinyumenyume ulipokwisha. Tulikimbia. Ndala moja ya shemeji ipo ziwani mpaka leo, au kiboko anayo.

Kilichonishangaza ni kwamba usiku ule shemeji hakugundua woga ndani yake, aligundua kipaji. Akaniambia hajawahi kukimbia vile tangu shule ya msingi. Kesho yake alfajiri nikamkuta uani amevaa raba na kaptura, ananyoosha misuli, anataka mazoezi. Nikajaribu kumwonya. Huu ni mkoa wa kukimbia. Fabiano Joseph, mzaliwa wa Babati, alitwaa ubingwa wa dunia wa nusu marathoni mwaka 2005 kule Edmonton, Kanada. Na Edmonton hiyohiyo ndiko Mbarabaig Gidamis Shahanga alikoshinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978. Gabriel Geay wa Mbulu alishika nafasi ya pili Boston mwaka 2023, siku ambayo Eliud Kipchoge mwenyewe alikuwa wa sita. Mtu hajitokezi barabarani hapa na raba mpya bila kujipima.

Tulianza vizuri. Tukapitwa na vijana wawili wa mazoezi, hilo halina aibu. Tukapitwa na wanafunzi wa darasa la nne au la tano, wana mabegi mgongoni na fagio mikononi, wanachelewa namba. Walipotufikia walipunguza mwendo, wakasema "Shikamooni" kwa pamoja, wakasubiri tuitikie. Ndipo nilipojua hali yetu, maana pumzi ya kusema "Marahaba" hatukuwa nayo. Wakaangaliana, wakaenda zao. Muda si muda akatokea mama mmoja na debe la mahindi kichwani, anakwenda mashineni. Yeye hakukimbia. Alitembea tu, akatupita, akatupa pole.

Shemeji akakaa juu ya jiwe, akashika paja.

"John Stephen Akhwari," akasema akihema, "si wa huku kwenu?"

"Wa Mbulu."

"Mexico 1968 si alimaliza wa mwisho? Na dunia nzima si ilimheshimu?"

"Akhwari alikuwa ameanguka, goti limefungwa bandeji, na alifika. Wewe umeumia wapi?"

Akafikiri kwa uaminifu. "Moyoni." Tukasimamisha bodaboda.

Sasa mechi. Lazima nieleze kwamba kabla ya hapo ligi kuu tulikuwa tunaiona kwenye vibanda umiza, umebanwa kwenye benchi, king'amuzi kikikwama kila mshambuliaji akiingia eneo la hatari. Mwaka 2024 Fountain Gate ikahamishia makazi yake Tanzanite Kwaraa, na wale tuliokuwa tunawaona kwenye kioo wakaanza kushuka kwenye mabasi mbele yetu. Watu wa Babati wakapata tatizo jipya la kimaadili: unashangilia timu ya nyumbani, au unashangilia Simba au Yanga uliyorithi kwa baba? Jibu lilikuwa rahisi kuliko ulivyodhani. Siku ya Simba, Yanga wote wa Babati tunakuwa Fountain Gate damudamu. Siku ya Yanga tunapata dharura.

Tarehe 6 Februari 2025 shemeji akatinga nyekundu kuanzia kofia mpaka soksi. Mimi nilivaa shati jeupe, kwa ajili ya amani ya ndoa. Alichosahau ni kwamba Babati si Temeke. Jioni kaupepo kanateremka kutoka Kwaraa, na mwenye jezi peke yake anaanza kujikumbatia. Nilikuwa na sweta kwenye mfuko. La kijani, lenye mstari wa njano. Nikamnyooshea. Akalitazama, meno yanagongana, akaniambia kuna vitu mtu anavaa na kuna vitu mtu anazikwa bila kuvivaa.

Kipindi cha pili kimeanza, mpira umekolea, nikasikia nimeguswa bega. Ni mwalimu wangu wa shule ya msingi. Unafanyaje? Unasimama, unampa mgongo uwanja, unaamkia. Sasa huku kwetu, kwa Wagorwa kwa Wairaqw, salamu ya mzee haina njia ya mkato. Kuna ya nyumbani, kuna ya watoto, kuna ya ng'ombe mmoja mmoja, kuna mvua, kuna shamba la bondeni na shamba la mlimani. Tulikuwa tumefika kwenye ndama uwanja ulipolipuka. Leonel Ateba alikuwa amefunga. Shemeji alikuwa amemkumbatia polisi. Mwalimu hakugeuka hata kidogo, na mimi ningegeukaje? Akaendelea na ndama.

Shemeji akashika simu, safari hii ina chaji, akapiga Temeke kuwasimulia bao waliokuwa wakiliangalia kwenye televisheni. Amejiziba sikio moja, ameinamia magoti, anaonyesha kwa mkono jinsi mpira ulivyoingia. Uwanjani mchezaji wa Simba akarudisha mpira kwa kipa wake, kipa hakuumiliki, mpira ukaenda taratibu mpaka wavuni. Kelele. Shemeji akainua kichwa.

"Nani kafunga?"

"Nyinyi."

"Si nilikwambia! Mbili bila!"

"Hapana, shemeji. Moja moja."

Alinitazama kwa muda mrefu. Nadhani mtu aliyevumilia picha za maji, ndala moja na yule mama wa debe, hesabu hii ndiyo iliyomshinda. Dakika zilizobaki aliangalia mpira kimya, na filimbi ya mwisho ilipolia matokeo yakiwa hayohayo, akanyoosha mkono bila kugeuka, akachukua sweta. Alilivaa kwa kuligeuza nje ndani. Kijani kilionekana vilevile.

Aliondoka asubuhi iliyofuata, Kwaraa ukiwa umejifunika. Saa nne ukafunuka wote, mpaka miti unaihesabu.

Tarehe 21 Aprili ikafika zamu ya Yanga, na mimi dharura yangu nilikuwa nimeipanga wiki nzima. Sikumwalika mtu. Nilifika mapema, nikakaa mbali na lango ambako wazee hupita, nikavuta kofia usoni. Yanga walishinda mabao manne kwa bila. Jioni shemeji akapiga simu. Alikuwa ameangalia mubashara, kwa uchungu wa mtani, mpaka mwisho.

"Nimekuona kwenye televisheni," akasema. "Bao linaingia, watu wote wameruka, wewe umegeuza mgongo, umemshika mzee mmoja mikono yote miwili."

Nikamuuliza bao lenyewe lilikuwaje.