Sifa za Januari Mosi

Tarehe hii imezalisha watu Nyamasaria kuliko wakunga wote wa Kisumu wakijumlishwa. Fungua mfuko wa nailoni ambamo wazee huweka karatasi zao, chini ya godoro au ndani ya sanduku la bati, utaikuta kwenye kitambulisho, kwenye kadi ya hospitali, kwenye barua ya chifu iliyotafunwa pembe na mende: 1 Januari 1938, 1 Januari 1941, mume na mke siku moja, shemeji naye hivyo hivyo. Vijana wanaotafuta asili ya ukoo wao huilaani. Mimi naisifu, tena bila haya.

Iangalieni huruma yake. Serikali ya mkoloni ililazimisha vizazi vya Wazungu viandikishwe kuanzia 1904, vya Waasia 1906. Mwafrika akangoja hadi 1963, na hata hapo sheria ilitembea wilaya baada ya wilaya mpaka 1971. Si kwamba alisahauliwa. Kipande cha utambulisho alikwisha kuvishwa shingoni tangu 1920, ila kipande kilijali alama za vidole na mwajiri, si kilio cha kwanza cha mtoto. Baadaye karani akaketi na fomu, mbele yake mama asiye na cheti, foleni imefika mlangoni, na nafasi ya siku na mwezi inadai kujazwa. Nani aliyewaokoa wote wawili? Ni Januari Mosi, na hakuuliza dini wala ukoo.

Halafu ni mkweli. Tarehe 14 Machi inaweza kukudanganya uso mkavu, lakini Januari Mosi kila mtu anajua ni makisio. Hata mapadri wa Mill Hill, waliofika Kisumu 1903 na kuwageuza akina Yusufu kuwa Josephus kwa Kilatini, walikuwa na uhakika na siku ya ubatizo tu. Mtu mzima akija kubatizwa, siku ya kuzaliwa wangeitoa wapi?

Mnaoringia madaftari, mtazameni Barack Obama. Upande wa mama, rejista za kanisa zilizofukuliwa na kasisi Stephen Neill zilimfikisha Moneygall, kijiji cha Ireland ambako babu yake wa mbali Falmouth Kearney, mtoto wa fundi viatu, aliondoka mwaka 1850 kwenda Marekani. Mwaka 2011 rais akaenda huko, akanywa bia ya watu. Upande wa baba, ng'ambo hii ya ziwa, vitabu vinavutana kama baba huyo alizaliwa 1934 au 1936, lakini mlolongo wa Onyango, Obama na Opiyo watu wa Kogelo wanao mdomoni. Na Waireland wenyewe wasijigambe sana: hifadhi yao ya nyaraka jijini Dublin iliteketea Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikianza. Januari Mosi yetu haijawahi kuungua.

Ila fadhila yake kubwa ni kwamba haikuruhusu ufunge daftari uende zako. Inakusukuma hadi kwa dani, yaani bibi, jikoni, na huko unakuta jina la Kijaluo lenyewe ni cheti: Omondi alikuja alfajiri, Otieno usiku, Okoth mvua ikinyesha. Sasa chukua Okoth yeyote wa 1 Januari 1961. Januari huku ni kiangazi. Vumbi la nyanda za Kano linaingia hadi kwenye chai. Mvua ipi hiyo? Unamuuliza dani. Anapepeta mchele, hainui kichwa. "Ile iliyofanya ziwa lipande," anasema. "Tulilala juu ya meza." Basi ni mvua ya mwisho wa 1961, ile inayokumbukwa ufuoni kote, na Okoth wako ameongezewa miezi kumi hivi ambayo hakuiishi.

Kama aliajiriwa na serikali, alistaafu Januari 2021, miaka sitini kamili kwa mujibu wa karatasi, akiwa bado na karibu mwaka mzima wa mshahara uliokuwa haki yake. Wapinzani wangu watadakia hapo. Nawajibu kwamba pensheni alianza kuifuatilia mapema, na kwa jinsi mafaili yanavyotembea, miezi kumi ya kutangulia foleni si zawadi ndogo.