Muulize Babu Gia Ndogo

Babu Gia Ndogo aliendesha lori la kabichi na mapeasi kutoka Lushoto hadi Kariakoo kwa miaka mingi kuliko umri wa mhariri wake. Siku hizi anaendesha kiti cha plastiki hapa Manundu, Korogwe, hatua chache kutoka kijiwe cha bodaboda, na gilasi ya chai ya tangawizi ndiyo usukani. Tangu watu wa mjini na wageni wa ng'ambo waanze kupanda Usambara kwa pikipiki, siku nne, siku tano, wakimlipa mtu wa kuwatangulia, barua zake zimeongezeka na nyingi zinafika na vumbi ndani. Anajibu zote, isipokuwa za kumkopa.

*Shikamoo Babu. Mimi ni mhasibu, nakaa Kinondoni. Nina pikipiki ya cc 800, koti lenye magamba mgongoni kama kobe, na kofia ngumu yenye simu ndani. Mwezi wa saba tulikuwa sita, tukachukua kiongozi wa hapo Manundu. Alikuja na Boxer ambayo kiti chake kimefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Siku ya kwanza, kwenye lami ya Mombo hadi Lushoto, nilimwonea huruma. Siku ya tatu, tukirudi kutoka Mtae, vumbi, mawe, kona juu ya kona, nikapitwa na kijana aliyebeba magunia mawili ya kabichi, na juu ya magunia amekaa bibi, upande upande, anakula muwa. Akanipungia. Wenzangu wote waliona. Tangu siku hiyo naitwa Kabichi, mpaka ofisini. Nifanyeje?*
*— Kabichi, Kinondoni*

Marahaba mjukuu wangu, na pole. Kijana yule hupita pale kila siku ya Mungu, akishuka na kabichi na kupanda na saruji. Anajua jiwe lipi limehama usiku. Chombo chake kina kilo kama 120. Chako, nimewauliza wanaojua, kinapita 200 kabla hujavaa hilo koti la kobe. Kwenye lami uzito huo ni heshima. Kwenye changarawe ya mteremko ni ng'ombe wa mahari aliyekataa kuhama boma.

Halafu kuna hewa. Sisi Korogwe tuko kama mita 300 juu ya bahari, Lushoto ni kama 1,400, na Magamba kunapanda kupita hapo. Kila unapopanda mita 1,000 injini inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, kwa sababu hewa ni nyepesi na moto hauli vizuri. Pikipiki ya kijana ilizaliwa dhaifu, imezoea. Yako ndiyo iliyoshtuka.

Wala usidhani vifaa ndivyo vinavyoendesha. Ewan McGregor, yule mwigizaji, na rafiki yake Charley Boorman walitoka Scotland hadi Cape Town mwaka 2007, wakapita na hapa kwetu Tanzania, wakiwa na magari ya kubeba mizigo na watu wa kuwapiga picha. Sawa, walifika. Lakini kabla yao, Desemba 1934, wanawake wawili, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki moja yenye kigari cha ubavuni na tela nyuma, wakavuka Sahara, wakaingia Cape Town mwaka uliofuata. Gari la kuwafuata hawakuwa nalo, na koti la kobe lilikuwa bado halijashonwa.

Dawa yako ni hii. Njia ikiwa mbaya, simama juu ya vikanyagio, magoti yabane tangi, mikono ilegee kama umeshika kifaranga. Macho yaende mbali, kule unakotaka kufika; jiwe unalolitumbulia macho ndilo utakaloligonga, sijui kwa nini, lakini miaka yote nimeliona hilo. Breki ya mbele kwenye changarawe iguse tu, kama unavyoonja chumvi. Na safari ijayo mwache yule mwenye Boxer achague mwendo, maana ndiyo kazi uliyomlipia.

Jina usilikatae. Kule juu kabichi imesomesha watoto wengi kuliko uhasibu.

*Babu shikamoo. Nilikuwa bodaboda miaka tisa, sasa naongoza wageni. Juzi nilikuwa na Wajerumani wanne, wote wakubwa kwangu kiumri. Mmoja ananipita kila nikipunguza mwendo. Wawili wanasimama kila kona kumpiga picha kinyonga. Wa nne, kila tukitoka kwenye picha, anaondokea upande wa kulia kana kwamba yuko kwao. Karibu na Soni alikutana uso kwa uso na Coaster, ikatuokoa honi. Kusema ukweli nakonda.*
*— Kiongozi Mkondefu, Manundu*

Marahaba mgosi. Tuanze na wa kulia, maana huyo ndiye atakayekufunga jela.

Mgeni hasahau upande kwenye foleni. Pale Korogwe mjini, kati ya malori na mabasi ya Arusha, atakaa kushoto kama mwanafunzi mstaarabu. Anasahau kwenye njia tupu, asubuhi baada ya chai, au akishapiga picha, pale ambapo hakuna gari la kumkumbusha. Mfungie kitambaa chekundu kwenye mshikio wa kushoto. Halafu kila mnapoondoka, wewe simama katikati ya njia, wote wapite kushoto kwako mmoja mmoja, ndipo uende mbele. Utaonekana kama askari wa usalama barabarani. Kubali.

Yule wa mbio mpe cheo. Panga msafara hivi: wewe mbele, na nyuma kabisa mfunga mkia, mtu wako unayemwamini, mwenye pampu, viraka na mipira ya akiba. Mkifika njia panda, anayekufuata anabaki pale, ananyoosha mkono kuwaonyesha wenzake, mpaka amwone mfunga mkia. Hapo anaingia mbele ya mfunga mkia na safari inaendelea. Njia panda ya pili anabaki mwingine. Kwa mtindo huu hapotei mtu hata kila mmoja akienda na mwendo wake, nawe huna haja ya kugeuza shingo kama bundi. Na mtu wa mbio akishalinda njia panda tatu, peke yake, anasalimiwa na mbuzi, ataanza kupenda nafasi ya katikati.

Wapiga picha waache. Wewe barabara ya Mtae unaiona kama karani anavyoiona meza yake. Wao wataisimulia mpaka wajukuu wakimbie. Wamenunua kusimama. Tena wape sababu ya kusimama mahali unapopataka wewe, penye kivuli na nafasi ya kuegesha. Waambie habari ya lile ua dogo la zambarau ambalo kwao hukaa madirishani kwenye vikopo. Mwaka 1892 ofisa mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta kwenye milima yetu hii ya Usambara, akalituma kwao, wataalamu wakalipa jina lake: Saintpaulia. Wasambaa walikuwa wakipishana nalo wakienda kuchota maji, na hakuna aliyeita ua kwa jina la baba yake. Mjerumani akisikia hivyo atapiga magoti mbele ya mwamba wenye ukungu nusu saa nzima, nawe utanyoosha mgongo.

Na akitokea mwingine wa kukupita, msimulie Krapf. Yule mmisionari alikwenda Vuga kumwona mfalme Kimweri mwaka 1848, kwa miguu, nyuma ya watu wanaojua njia. Huyo ndiye aliyeandika sarufi ya Kiswahili na kamusi pia, kwa hiyo maneno alikuwa nayo mengi kuliko wageni wako wote wanne. Na bado alitembea nyuma.

*Babu, makalio. Siku ya tatu. Zimebaki mbili.*
*— Hoi, Rangwi*

Simama juu ya vikanyagio kila baada ya dakika kumi, hata kama njia ni nzuri. Ndani vaa bukta isiyo na mshono mnene. Masista wa hapo Rangwi wana vyumba vya wageni. Omba kimoja, kula, lala kifudifudi.

*Babu, nimenyang'anywa kazi. Niliongoza wageni siku tatu bila kosa. Siku ya nne, tukishuka kutoka Soni kwenda Mombo, nikatia nyutro kubana mafuta kama tunavyofanya sote. Mgeni mmoja akanirekodi kwa simu, akampelekea tajiri wangu. Hiyo ni haki?*
*— Mbana Mafuta, Mombo*

Haki. Na kwa kuwa hukuniamkia, nami nakuingia moja kwa moja.

Lushoto hadi Mombo ni kilomita 33, na ndani ya hizo unashuka karibu mita 1,000 za kimo, nyingi zikiwa baada ya Soni, mwamba huku, korongo kule. Ukiwa kwenye gia, injini ndiyo inayokushika kiuno. Ukitia nyutro umeiambia ikuachie. Umebaki na breki, na breki ya nyuma ya pikipiki zetu hizi imefungiwa ndani ya ngoma yake, haipati upepo. Ikanyage dakika tano mfululizo, itachemka. Kona ya sita unakanyaga unahisi kama umekanyaga ugali.

Sisi wa malori tulikuwa na kanuni moja, nayo ndiyo iliyonipa jina: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Fuso likipanda linalia kwenye gia ya pili, na kushuka lilie kwenye gia ya pili, hata kama nyuma wanapiga honi na kukutukania mama. Nimewajua madereva waliobana mafuta mlima ule. Lori la mmoja tulilivuta kwa kamba siku mbili. Kabichi tuliziacha huko huko.

Mafuta uliyoyabana hayanunui chapati mbili. Nenda kwa tajiri wako, omba radhi, mwambie akupe nafasi ya mfunga mkia kwa safari tatu. Wenye wivu watakucheka. Mfunga mkia anaona makosa ya kila mtu. Hakuna chuo kizuri kama hicho.

(Msomaji mmoja ameuliza kama Babu mwenyewe amewahi kuanguka. Mara moja, kwa pikipiki ya mwanangu, hapa hapa Manundu, mbele ya watu. Ilikuwa imesimama. Nilisahau kushusha stendi. Tuendelee.)

*Shikamoo Babu. Mume wangu anataka kwenda milimani siku tano na kundi la pikipiki, eti "kujitafuta". Tuna mtoto wa miezi kumi anayeota meno. Anataka kuondoka Aprili.*
*— Mama Meno, Handeni*

Marahaba mwanangu. Aprili ni masika. Udongo mwekundu wa kule ukilowa ni sabuni, na mvua ikikaza, mawe huporomoka yakafunga barabara ya Mombo na Soni. Mtu anayejitafuta mwezi huo hutafutwa na wenzake. Mwambie asogeze mpaka kati ya Juni na Septemba, wakati wa ukavu, na abebe koti zito. Lushoto alfajiri ya Julai si Handeni, huko watu hutoa moshi mdomoni kama jiko la kuni. Simu sehemu nyingine hazishiki, kwa hiyo asikuahidi kupiga kila saa. Aahidi kupiga kila jioni kutoka mahali wanapolala, na namba ya kiongozi ibaki kwako.

Kabla ya hapo, mwachie mtoto na maziwa ya usiku mmoja, nawe ukalale kwa mama yako. Kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri atakuwa na nafasi nzuri sana ya kujitafuta, na anaweza kupatikana bila gharama za mafuta.

*Kaka, habari za siku nyingi? Naandikiwa na mjukuu. Nina mambo mawili. La kwanza, hawa wenye pikipiki kubwa wanapita mbio mbele ya mkeka ninapoanika maharage, wao wanakwenda na picha, vumbi linabaki kwangu. La pili, mwezi wa saba nilipata lifti kwenda Lushoto kuonyesha macho hospitali, nimekaa juu ya mzigo wa kabichi. Njiani tukampita kijana mmoja, chombo kikubwa kama ng'ombe, naye amejikunja kama mwenye msokoto wa tumbo. Nilimpungia kwa adabu, muwa ukiwa mkononi. Hakunijibu. Naambiwa watu wa Dar es Salaam hawapungi mkono. Ni kweli?*
*— Bibi wa Juu ya Mzigo, Lukozi*

Njema, dada yangu, na macho yako hayana kasoro kubwa kama yaliona yote hayo. La vumbi nimelipokea. Kiongozi Mkondefu, hili ni lako: ukiona mkeka kando ya njia, gia ya pili, polepole, na mkono juu kuwaonya walio nyuma. Mwisho wa msafara mfunga mkia asimame, amsalimie mwenye mkeka na kununua kisado cha maharage.

La pili, kijana huyo namfahamu, ameniandikia. Msamehe. Alikuona vizuri kabisa, ila mikono yote miwili ilikuwa imeng'ang'ania mishikio.