Paa Langu, Ruhusa Yao

Barua imekuja kwa rejista, ikabidi niitie sahihi mbele ya tarishi, na ndani yake imo picha ya makalio yangu. Chama cha wenye nyumba cha mtaa wetu hapa Houston kingesema ni picha ya turubai la bluu lililowekwa kinyume cha kanuni, na kweli turubai limezungushiwa duara jekundu. Lakini aliyeijaza picha ni mimi, nimeinama juu ya paa na bukta ya kulalia, nafunga kamba. Wajumbe wa kamati wataipitisha mkono kwa mkono, na mmoja wao hukaa benchi la nyuma yangu kanisani.

Turubai nililitandaza baada ya Beryl, kimbunga kilichotua pwani ya Texas 8 Julai 2024 na kuwaacha gizani wateja wa umeme zaidi ya milioni mbili. Mapaa yetu ni ya vigae vya lami, na maajabu yake nilikuwa siyajui. Kila kigae kina mstari wa gundi. Fundi akishapigilia misumari, kazi ya kugandisha analiachia jua: joto hulainisha gundi, kigae cha juu kikashikamana na cha chini, paa likawa ngozi moja. Gundi ikizeeka, upepo hupata upenyo, huinua ukingo mmoja, na kila kinachobanduka humfungulia mwenzake njia. Ningesimama uani kutwa nikilisoma lile paa, kama maji hayangekuwa yanamiminika sebuleni.

Kuweka vigae vipya kunataka kibali: fomu, sampuli, rangi iliyomo kwenye orodha ya chama. Vigae vya rangi yangu havitengenezwi tena. Kiraka basi kitakuwa cha rangi nyingine, na kiraka cha rangi nyingine ni marufuku. Paa zima jipya ruksa, ila hapo tunamsubiri mtu wa bima, naye ana hesabu zake. Kimbunga kikishapewa jina, sehemu unayojilipia mwenyewe mara nyingi hukatwa kwa asilimia ya thamani ya nyumba iliyokatiwa bima, hasara iwe ndogo au kubwa. Nyumba ya dola 300,000, kwa asilimia 2, unatoa dola 6,000 zako kabla bima haijatoa hata senti.

Nilimsimulia shangazi yangu wa Tanga kwa simu. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, hiyo nyumba umenunua au umepanga?"

Wala si paa tu. Uzio ulioanguka: faini, mbao mpya zinang'aa kuliko za jirani. Sanduku la barua lililopinda: onyo, ambalo tarishi alilitia humohumo.

Haya yote ningeyacheka, ila ukuta wa chama chenyewe, pale langoni, uliangukiwa na mti siku ileile na mpaka leo umelala. Mzee wa nyumba ya pili, anayeishi kwa pensheni, naye ameandikiwa barua ya turubai. Kila asubuhi anapita kando ya matofali yale. Chama kinasema kinasubiri bima. Sisi tuliposubiri bima, kilitupiga picha. Na kwa kuwa nacho kina asilimia yake ya kujilipia kwanza, kila nyumba imetozwa mchango wa dharura. Kwenye faini, sheria ya Texas inanipa siku 30 za kuomba nisikilizwe. Karatasi ya mchango nimeigeuza mbele na nyuma: ina tarehe ya mwisho ya kulipa, basi.