Jiwe la Konda Si Breki: Mwongozo wa Kushuka Kilimanjaro kwa Noah

Kila mwaka maelfu ya watu hulipa fedha nyingi kupanda Kilimanjaro kwa miguu. Wana waongozaji, wapagazi, bima na buti za bei mbaya, na wanapimwa afya njiani. Wakati huohuo, kwenye miteremko ya chini ya mlima huohuo, watu wa Marangu, Mwika, Kibosho, Uru na Machame wanashuka kwenda Moshi kila asubuhi ndani ya Noah iliyojaza kupita kiasi, ikiwa na mikungu ya ndizi nyuma na pedi za breki zilizobaki nyembamba kama vocha ya simu. Hawa nao wanastahili mwongozo, na huu ndio wenyewe.

Anza kwa kuitupa kauli moja: "Breki zilifeli ghafla." Breki za gari dogo la abiria ni mashine yenye adabu kuliko wengi wanaoliendesha. Hubisha hodi, hukohoa, hunung'unika, kisha hupiga kelele. Zikifika mahali pa kukataa kabisa, zimekwishatoa taarifa kwa dereva, konda, tajiri mwenye gari na abiria wote wa siti ya nyuma. Kilichokosekana ni mtu wa kuzisikiliza.

Hatua ya kwanza: jua unashusha nini

Lango la Marangu liko karibu mita 1,870 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Moshi uko chini ya mita 900. Kutoka kule juu hadi stendi, gari linateremka karibu kilomita nzima ya kimo, mbali na zile kilomita za barabarani anazozihesabu konda.

Noah yenye abiria wake halali na mizigo kidogo inafika tani 2. Nguvu inayopatikana kwa kushusha tani 2 kimo cha mita 1,000 inatosha kuchemsha karibu ndoo tatu za maji, zile za lita 20. Joto hilo lazima liende mahali. Injini ikisaidia kuzuia gari, na upepo ukichukua sehemu yake, breki zitabakiwa na kazi zinayoiweza. Dereva akizuia kwa mguu peke yake njia nzima, joto karibu lote linaingia kwenye diski mbili za mbele na dramu mbili za nyuma, vyuma ambavyo ukivikusanya vyote vinaingia kwenye kiroba kimoja.

Sasa ongeza abiria. Noah ilitengenezwa Japani kwa ajili ya familia: baba, mama, watoto na bibi, jumla watu 8. Haikupimiwa watu 12, gunia la mahindi, mbuzi na debe la parachichi. Kila unayemwambia "sogea kidogo, bado nafasi ya mmoja" unampakia pia kwenye pedi, na pedi haina pa kusogea.

Hatua ya pili: jifunze lugha ya breki

Lugha hii haina misamiati mingi. Mtu akiweza kutofautisha mlio wa simu ya mkewe na wa tajiri wake, hii ataimudu kwa siku moja.

*Kwiii* nyembamba unapokanyaga: pedi zimeisha. Pedi nyingi zina kijichuma kidogo kilichowekwa makusudi kiguse diski na kupiga mluzi zikikaribia mwisho. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hivi, na ikibaki milimita 3 ni ya kubadilishwa.

*Krrr* nzito: pedi zilishaisha zamani, sasa chuma kinasaga chuma. Hapo unalipia pedi na diski pamoja, kwa kuwa ulikataa kulipia pedi peke yake.

Pedali inazama polepole ukiwa umeishikilia: masta silinda inavujia kwa ndani, au kuna mahali mafuta ya breki yanatoka. Gari la namna hii halipandi Kibosho. Haliendi hata Kiboriloni sokoni.

Pedali laini, hadi uikanyage mara mbili tatu ndipo ishike: kuna upepo kwenye mfumo, au viatu vya breki vya nyuma vimelika na viko mbali na dramu. Kwa madereva wengi "kupampu" ni ufundi. Ni ugonjwa, na una tiba.

Pedali ngumu kama jiwe: busta imekufa au mpira wake wa hewa umepasuka. Breki bado zipo, lakini sasa zinataka nguvu ya mguu kubwa kuliko uliyonayo.

Gari linavutia upande mmoja: kalipa ya upande mmoja imeganda, au pedi za upande mwingine zimelowa mafuta. Ukikanyaga kwa nguvu kwenye kona yenye korongo, gari litachagua upande bila kukuuliza.

Pedali inatetemeka mguuni: diski imelika bila usawa. Harufu ya kuungua baada ya mteremko: breki zimepata joto kupita kiasi, au kuna moja isiyoachia.

Hatua ya tatu: acha dawa zisizotibu

Kuongeza sauti ya redio hakujawahi kutengeneza breki. Kunamfanya dereva asisikie *kwiii* mpaka ifike *krrr*.

Ile taa nyekundu ya handibreki inayobaki inawaka hata ukiwa umeishusha inakueleza kwamba mafuta ya breki yamepungua. Kuibandika gundi nyeusi, au kumwambia fundi aing'oe balbu, ni kumfukuza mlinzi kwa sababu amesema mwizi yuko ndani.

Mafuta ya breki hayapungui kwa uvukizi. Yamepungua kwa sababu pedi zimelika au kuna pahala panavuja, kwa hiyo kuongezea bila kukagua ni kuficha ushahidi. Na yeyote anayekushauri kuongezea oili ya injini au maji ya sabuni, mshukuru kwa ukarimu na usimruhusu kuligusa gari. Oili huvimbisha mipira ya ndani ya mfumo na kuiharibu yote. Maji huchemka mapema.

Kupiga pedi msasa kunaondoa ung'avu wa juu, hakuongezi unene. Kumwagia maji ya baridi gurudumu linalofuka moshi kunaweza kupasua au kupinda diski. Simama, subiri, liache lipoe lenyewe. Abiria watanung'unika, na wana haki, lakini watanung'unika wakiwa wazima.

Kisha jiwe. Kwenye magari mengi ya milimani konda huruka kabla gari halijasimama na kuweka jiwe au kipande cha gogo nyuma ya gurudumu, kwa ustadi unaopendeza. Jiwe ni msaada mzuri kwa gari lililosimama. Kama gari haliwezi kusimama bila jiwe, maana yake handibreki haipo, na handibreki ndiyo breki yako ya mwisho siku ile breki ya mguu ikikataa. Mkaze fundi aikaze.

Hatua ya nne: ongea na fundi kama mwenye mali

Mafundi wa Moshi wanazijua Noah na Hiace kuliko vitabu vyake. Shida ni mteja anayefika na kusema, "Fanya kitu kidogo tu, nina abiria." Kitu kidogo ndicho atakachofanya.

Mwambie afungue magurudumu yote manne. Pedi zibadilishwe kulia na kushoto kwa pamoja, viatu vya nyuma vivyo hivyo. Dramu isafishwe, hasa baada ya masika, kwa maana tope la mashambani huingia humo na kukauka. Mipira inayopeleka mafuta magurudumuni ikunjwe kwa mkono na kuangaliwa kama ina nyufa.

Kisha uliza swali ambalo wengi hawaliulizi: mafuta ya breki yalibadilishwa lini? Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya huanza kuchemka si chini ya nyuzi joto 205. Ikishanyonya maji ya asilimia 3.7 tu, kiwango chake kinaweza kushuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu hubonyea: unakanyaga pedali, inafika sakafuni, gari linaendelea na safari yake. Chini kwenye tambarare mafuta yaliyochakaa yanaweza kukuvumilia miaka. Mlimani yatakuumbua mteremko wa kwanza mrefu. Badilisha yote kila baada ya miaka miwili na mfumo utolewe upepo.

Spea ya bei ya kutupa iangalie mara mbili. Pedi feki huonekana nzuri ndani ya boksi lake, na ubovu wake unajulikana zikipata moto.

Hatua ya tano: shuka kwa gia

Madereva wa zamani walirithishana kanuni moja: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Haijapitwa na wakati. Kwenye Noah ya otomatiki, zima kitufe cha O/D, kisha weka 2, na penye mteremko mkali zaidi weka L. Injini italia kidogo. Iache ilie, ndiyo kazi yake. Breki ikanyage kwa vipindi: punguza mwendo vizuri, achia, ipate hewa, kanyaga tena. Usiweke mguu juu ya pedali kutoka Marangu Mtoni hadi Himo kana kwamba umesahau pa kuuweka.

Wapo wanaoshuka kwa nyutro, wengine na injini wameizima, wakiamini wanabana petroli. Magari mengi ya kisasa yenye mfumo wa sindano hukata petroli yenyewe yakishuka kwa gia bila kukanyagwa mafuta, kwa hiyo akiba yenyewe ni ya kufikirika. Injini ikizimwa, busta inabakiwa na msaada wa kukanyaga mara chache tu, usukani unakuwa mzito, na ufunguo ukirudishwa mpaka mwisho usukani unaweza kujifunga. Huko Salgaa, Kenya, tabia hii ya malori kushuka bila gia iliipa barabara ya Nakuru kwenda Eldoret sifa mbaya ya vifo.

Neno hili linawahusu kwa namna ya pekee wanaorudi nyumbani Desemba. Gari lililoishi Dar es Salaam mwaka mzima, kwenye foleni na tambarare, linapandishwa Kibosho au Rombo likiwa na familia nzima na zawadi, huku mvua za vuli hazijaisha. Alphard ni nzito kuliko Noah na bei yake haibadilishi sheria ya mteremko. Kagua breki kabla ya kuondoka Dar, maana Krismasi gereji zina foleni na fundi naye yuko kwao anakula.

Hatua ya sita: breki zikikataa

Usizime injini. Pampu pedali haraka haraka, huenda shinikizo likarudi. Shusha gia moja baada ya nyingine. Vuta handibreki kidogo kidogo huku umebonyeza kitufe chake; ukiivuta kwa mkupuo magurudumu ya nyuma yatafunga na gari litazunguka. Piga honi mfululizo, washa taa. Kisha chagua upande wa mlima, kamwe si upande wa korongo: ukingo wa udongo, migomba, ua wa masale. Migomba huota tena, na mwenye ua ataombwa radhi. Uchagani jani la sale ndilo la kuombea radhi, na utakuwa umeangukia palepale linapopatikana.

Hatua ya saba: hesabu ya tajiri

Dereva wa daladala anadaiwa hesabu kila jioni. Siku gari likilala gereji, hesabu haipo, na matajiri wengine huidai vilevile. Hapo ndipo breki nyingi zinapoanza kufa: dereva ameisikia *kwiii*, ameielewa, na anajua akiitamka, kesho atakosa kazi. Tajiri, ondoa hesabu ya siku ya matengenezo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hairuhusu gari bovu barabarani, na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, na trafiki wana haki ya kulizuia, lakini wewe ndiye unayelijua gari kabla yao.

Tarehe 24 Februari 2024, eneo la Kibaoni, Ngaramtoni, jirani zetu wa Arusha, lori liligonga magari mengine na watu 25 wakafariki. Polisi walieleza kwamba lori hilo lilifeli breki. Wengi wa waliokufa walikuwa kwenye magari yaliyogongwa, si kwenye lori lenyewe. Breki mbovu za mtu mmoja ni za barabara nzima.

Na wewe abiria, usiogope kuonekana mwoga. Ukisikia chuma kinasaga chuma, ukinusa breki zinaungua, ukimwona dereva anapampu, sema kwa sauti: "Dereva, breki zako hazishiki. Simama tushuke." Atakayekucheka kwanza atakuwa konda, na atakayekufuata kushuka ni mama aliyekuwa akiogopa kusema. Kwenye mteremko wa Kilimanjaro, abiria mmoja anayesema mapema ana faida kuliko kumi na wawili wanaosali kimya.