Pikipiki Iliyokunywa Maji ya Mkwe

Matope bado yamegandia mpini wa kushoto wa pikipiki ya mwandishi huyu. Hajayafuta, maana kila akishika kitambaa masikio yanapata moto. Jumamosi iliyopita aliiegesha uwanjani kwa mkwewe, Newala, akavua helmeti kwa madaha na kuinama kusalimia. Mbuzi akapita, akajikuna kwenye tairi la nyuma. Pikipiki ikayumba, ikasita kama inayotafuta neno, kisha ikalala ubavu juu ya madumu mawili ya maji.

Wageni wa Newala wajue jambo moja. Mchanga wa uwanda wa Makonde hunyonya mvua yote, chemchemi ziko mabondeni, na vizazi vya akina mama vimepandisha maji yale mlima mzima kichwani. Huko maji hayamwagwi. Mama mkwe akautazama udongo unavyokunywa.

"Baba," akasema taratibu, "kumbe na yeye alikuwa na kiu."

Chanzo cha kuanguka huko ni miguu. Mwandishi ni mfupi, na akisimama kwenye mchanga vidole vyake hupapasa hewa. Fundi wa kwanza alimtuliza: "Bosi, tunashusha shokapu tu, dakika kumi." Akawasha grenda, akakata robo ya springi.

Kumbe springi si chuma kinachobonyea tu. Ni waya mrefu uliozungushwa, na ukiukandamiza, waya wenyewe hujisokota. Waya mrefu hujisokota kwa hiari, mfupi hubisha. Ndiyo maana ukikata robo ya mizunguko, ugumu wa springi huongezeka kwa theluthi. Mwandishi aliomba kimo, akapewa na kiti cha jiwe. Hata ile pete ya ngazi ambayo vijana wa kijiweni huizungusha wakisema "nakaza shokapu" haikazi springi. Inainua makalio ya pikipiki tu, ugumu unabaki ule ule. Pikipiki nyingi aina ya Boxer zina springi mbili, moja ndani ya nyingine. Na katikati ya shokapu mna bomba la oili, ambamo pistoni huilazimisha oili ipenye vitundu vidogo, mtikisiko ukageuka joto. Teremka kutoka Newala hadi Masasi, kisha iguse: utadhani kikombe cha chai. Sili ikivuja, utaendelea kudunda hata shimo lenyewe umeshalisahau.

Na stendi ya pembeni? Imepimwa kwa kimo cha kiwandani. Ukishusha nyuma sentimita tatu, stendi inakuwa ndefu mno, pikipiki inasimama wima kama askari wa gwaride, na hapo mbuzi mmoja anatosha.

Taa ya mbele ikawa inamulika vilele vya mikorosho. Madigadi ikasagwa na tairi. Yaliyoipata trei ya mayai tuyaache.

Lakini mwandishi anacheka kwa sababu hana gunia la kubeba. Pikipiki hizi zilitengenezwa kwa watu wawili. Msimu wa korosho ukianza, Oktoba, zinapakiwa magunia, na gunia moja hukaribia kilo 80. Kutoka Mnivata hadi Masasi, kupitia Tandahimba na Newala, ni kilomita 160, na lami yake iliahidiwa majukwaani tangu watoto wa sasa hawajazaliwa. Kijana wa bodaboda aliye kwenye mkataba hupeleka hesabu ya tajiri kila jioni, shimo liwepo lisiwepo. Shokapu ikifa, ni yake. Hakuna mkutano unaoketi kumfidia, wala anayemuuliza mgongo wake unaendeleaje.

Fundi wa pili, mzee asiye na grenda, alicheka mpaka akakaa chini. Akarudisha springi nzima, akavua siti, akachonga sponji kwa kisu cha jikoni.

Sasa miguu inafika chini. Mama mkwe anadai madumu yake mawili, yakiwa yamejaa.