Hapo Tu, Shemegi

Shemeji yangu anayeishi Maskati ana ugonjwa mmoja: kwake kila kitu kiko karibu. Miezi miwili iliyopita alitualika, mimi na dada yake, tukapumzike kwake siku kumi mwezi wa Agosti. Kupumzika, ndilo neno alilotumia, nami nikaliona linanifaa. Nimestaafu ualimu, goti la kulia linagoma kila mvua ikikaribia, na picha niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa moja tu: mkeka, tende, kahawa chungu, na mji wa ng'ambo ambamo ukipotea unaweza kuuliza njia kwa Kiswahili na bado ukaelekezwa.

Wiki iliyofuata ikaingia sauti kwenye simu ya mke wangu. "Shemegi, mkishafika, Nizwa hapo tu. Mtaona ngome na mnada wa mbuzi wa Ijumaa. Sur nako hapo tu, mji wa mafundi wa majahazi. Na Salalah, wallahi, msipofika Salalah hamjafika Oman. Hapo tu." Akanyamaza kidogo, kisha akamalizia haraka kama mwenye duka anayetaja bei: "Na Dubai si mbali."

Binti yetu, ambaye hakualikwa lakini ndiye mwenye kompyuta, akatengeneza ratiba yenye rangi. Kijani ni kuamka, njano ni kuwa barabarani, nyekundu ni kula. Ratiba nzima ilikuwa ya njano kama shamba la alizeti. Siku ya nne tunaamka saa kumi usiku. Nikauliza mkeka uko wapi.

"Upo, baba. Jumapili mchana. Nusu saa."

Sasa lazima nieleze kwa nini maneno "hapo tu" yananitia jasho. Huku kwetu Mzumbe, chini ya Milima ya Uluguru, hapo tu si kipimo cha umbali. Ni adabu. Mgeni akikuuliza njia huwezi kumvunja moyo, kwa hiyo unamwambia hapo tu, halafu mdomo wa chini ndio unaosema kweli. Ukichomoza kidogo, ni nyumba ya tatu. Ukichomoza pamoja na kidevu, na macho yakafumba, beba maji ya kunywa.

Mwaka jana tulipanda Mgeta kununua kabichi, njegere na viazi, maana ukivinunua kule juu bei ni ya kumshukuru Mungu. Saa tano asubuhi tumeshamaliza, gunia limeshonwa, gari la kurudi liko mbele yetu. Mtu mwenye akili angepanda. Mimi nikamuuliza mzee mmoja yale maporomoko ya Hululu kule Bunduki yako mbali kiasi gani. "Aa, Mwalimu, hapo tu." Mdomo, kidevu, macho. Niliuona ule mdomo. Nikajifanya sikuuona.

Gunia tukaliacha barazani kwa mtu mwema, tukakodi bodaboda mbili. Yangu ikaruka mnyororo kwenye mlima wa kwanza. Kwenye wa pili ikaruka tena, na dereva akanishauri kwa heshima nyingi nishuke nisukume. Mvua ikaja. Nilikuwa nimevaa viatu vya ofisini, vile nilivyostaafu navyo, na soli ya kushoto ikabanduka ikawa inapiga makofi kila nikikanyaga, hivyo watoto wa vijiji viwili walitoka nje kuangalia nani anashangiliwa. Tulifika giza limeingia. Hululu niliisikia, kuiona sikuiona. Usiku huo tukalazwa na watu tusiowajua, wakatupa ugali wao na blanketi lao, na asubuhi tuliporudi kwenye lile baraza tukakuta gunia limelegea kama tumbo la mtu aliyefunga. Mbuzi walikuwa wamekesha nalo. Viazi walituachia.

Kwa hiyo safari hii nilichukua atlasi ya kufundishia na rula. Nizwa iko kilomita kama 160 kutoka Maskati, pungufu ya Msamvu hadi Dar es Salaam. Sawa. Sur, kama 200, kwenda tu. Salalah, kilomita kama 1,000! Hapo ni kama Dar es Salaam hadi Mwanza, jangwa tupu katikati, na shemeji yangu anaichomozea mdomo kutoka sebuleni kwake. Dubai iko nchi nyingine kabisa, yenye viza yake na mpaka wake. Nikaikata kwa kalamu nyekundu na sikuona machozi ya mtu.

Salalah ndiyo ilileta ugomvi. Mke wangu ni mtu wa Unguja, na neno la kaka yake haliangushwi kwa rula. Shemeji naye akatuma picha ya kutushinda: vilima vya kijani kibichi, ukungu umelala juu yake, na ngamia mmoja amesimama pembeni. Akaeleza kwamba kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba upepo wa kusi, uleule uliokuwa ukirudisha majahazi Arabuni, unaishukia pwani ile na unyevu wa bahari. Wao wanauita msimu huo khareef. Wakati Maskati inaungua, watu wa Ghuba nzima wanafunga safari na watoto wao kwenda kukaa nje, makusudi, wanyeshewe manyunyu.

Mke wangu akaiangalia picha. Akaangalia dirishani. Nikaichukua simu nikaishikiza kwenye kioo, ubavuni mwa Uluguru. Mlima kwa mlima, ukungu kwa ukungu. Tuliyemkosa ni ngamia tu. Na dirisha lenyewe tulikuwa tumelifunga tangu alfajiri kwa sababu ya baridi.

"Yaani tupande ndege mbili," akasema taratibu, "tukaone kipupwe?"

Salalah ikafa palepale. Sur ikafa jioni, kwa sababu mtu aliyezaliwa Unguja haoni sababu ya kulipa nauli akaangalie jahazi. Akataka kuiua na Nizwa. "Mbuzi umeshawaona, Mwalimu." Hapo nikakataa katakata. Nimewaona wakila. Sasa nataka kuwaona wakiuzwa.

Basi ratiba imebaki siku tisa za mkeka na Ijumaa moja ya mbuzi. Tunaondoka baada ya wiki tatu. Ukinikuta hapa kwetu Changarawe ukaniuliza naenda wapi, nitakujibu Maskati na Nizwa, na nakuomba sana, ndugu yangu: kama unajua pengine pazuri karibu na huko, nyamaza nalo.